Pahalawani Mahmud wa Khiva: Bingwa Aliyeiangusha Nafsi Yake

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Katika mabingwa wa mieleka waliotajika katika nchi za Waislamu, wachache wamevuma kama Pahalawani Mahmud wa Khiva, ambaye Waajemi humwita Puriya-ye Vali. Na la ajabu ni kuwa hakukumbukwa sana kwa wale aliowaangusha, ijapokuwa walikuwa wengi, bali kwa siku moja aliyoangushwa yeye.

Alizaliwa mwaka wa 1247 katika nchi ya Khwarazm, na mji wake wa Khiva leo umo katika Uzbekistan. Zama zake zilikuwa zama nzito. Mwaka wa 1221 majeshi ya Wamongoli yalikuwa yameuvunja Urgench, mji mkuu wa nchi hiyo, na watu wengi mno wakauawa au wakachukuliwa mateka. Basi Mahmud alikulia katika kaumu iliyokwisha onja unyonge, na mtu mwenye nguvu miongoni mwao alikuwa fahari ya mji mzima. Kazi yake ilikuwa kushona mavazi ya ngozi zenye manyoya, akila jasho la mkono wake. Kadhalika alikuwa mshairi, akatunga beti nne nne kwa lugha ya Kiajemi, na alikuwa mtu wa tasawwuf.

Mieleka ni mchezo wenye manufaa, lakini ndani yake mna hatari. Mwili unapopata nguvu, na nafsi nayo hunenepa. Mtu humtazama mwenzake aliye chini ya kifua chake, husikia makelele ya watu wakimsifu, kisha hudhani kuwa nguvu ni mali yake, asikumbuke kuwa ni amana. Naye Mtume (S.A.W.) alikwisha fundisha kuwa hodari wa kweli si mwenye kuwaangusha watu, bali ni mwenye kuimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Fundisho hili kila mtu hulijua kwa ulimi. Mahmud alitakiwa alijue kwa mgongo wake.

Wapokezi husimulia kwamba alijiwa na kijana mgeni, bingwa wa kwao, kutaka kushindana naye mbele ya watu. Mahali na jina la kijana huyo wasimulizi wamekhitilafiana, lakini kiini cha habari ni kimoja. Usiku wa kuamkia siku ya mashindano, Mahmud alimsikia bibi mzee msikitini akimlilia Mwenyezi Mungu amnusuru mwanawe, kwani akishindwa riziki yao itakatika na aibu itawafunika. Mahmud akafahamu kuwa mwana anayeombewa ndiye atakayeshikana naye kesho.

Usiku ule ulikuwa mwereka mgumu kuliko yote. Upande mmoja lilikuwa jina lake, na heshima ya mji wake, na wanafunzi wake waliomwamini. Upande wa pili lilikuwa chozi la mama asiyemjua. Kulipokucha akaingia uwanjani, akashikana na yule kijana, na nguvu zake hazikuwa zimempungukia. Kisha akajiachilia, mgongo wake ukagusa mchanga. Watu wake wakastaajabu na kusikitika, na kijana akabebwa kwa shangwe.

Na hapa ndipo penye mazingatio. Mahmud hakuweza kujitetea. Lau angalisema kuwa ameanguka kwa hiari yake, angaliichukua kwa mkono wa pili ile fahari aliyoitoa kwa mkono wa kwanza, na kijana angalifedheheka zaidi kuliko kushindwa. Ilimpasa anyamaze na kuvumilia. Wasimulizi husema kuwa katika kuanguka kule ndipo moyo wake ulipofunguliwa, akawa katika mawalii.

Asidhani mtu kuwa habari hii yasifu ulegevu. Mnyonge akianguka hakuacha kitu. Mwenye kuweza kushinda ndiye anayeweza kuuacha ushindi. Mahmud alijizoeza miaka mingi mpaka akawa na kitu cha kutoa.

Yasimuliwa pia kuwa mfalme mmoja wa Bara Hindi alitaka kumtunza, naye hakuomba dhahabu, bali aliomba mateka wa kwao, kadiri ya watakaoenea katika ngozi ya ng'ombe. Mfalme akakubali. Mahmud, aliye fundi wa ngozi, akaikata ile ngozi nyuzi nyembamba, akaziunga, akawazungushia watu wengi, wakaachwa huru.

Mwaka wa kufa kwake hutajwa 1326, na wengine husema 1322. Alizikwa Khiva, mahali pa karakana yake, na jengo la kaburi lake likajengwa upya mwaka wa 1810, likiwa na kuba kubwa la rangi ya feruzi. Katika Iran, nyumba za mazoezi ziitwazo zurkhana, yaani nyumba za nguvu, humhesabu kuwa ni kigezo chao. Mlango wa nyumba hizo kwa desturi ni mfupi, hata bingwa hawezi kuingia ila ameinamisha kichwa. Na uwanja wa mazoezi umechimbwa chini, ili aingiaye ashuke kabla ya kuzoezwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mahmud, na awajaalie vijana wa Kiislamu nguvu za mwili zisizozaa kibri. Amin.