Beryl Markham: Mwalimu wa farasi aliyezeekea ubavuni mwa Kibera

MSAFIRI anayeondoka jijini Nairobi kwa Barabara ya Ngong, akishaipita Dagoretti Corner, huwa ameiacha Kawangware mkono wake wa kulia na Kibera nyuma yake mkono wa kushoto. Karibu na mitaa hiyo miwili iliyosongamana watu kuna kitu asichokitarajia mgeni: uwanda mpana wa nyasi uliozungushiwa uzio mweupe, mabanda ya farasi na jukwaa la watazamaji.

Huo ndio uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka wa 1954 baada ya mbio hizo kuhamishwa kutoka uwanja wa zamani upande wa mashariki wa mji. Katika nyumba ndogo iliyomo humo ndimo alimoishi Beryl Markham miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki Agosti 3, 1986 akiwa na umri wa miaka 83.

Ulimwengu unamkumbuka kwa ndege. Lakini kwa watu wa mbio, Beryl alikuwa kwanza na mwisho mwalimu wa farasi, na maisha yake hayaeleweki bila kuzielewa sheria kali za mchezo alioupenda.

Mtoto wa Njoro

Beryl Clutterbuck alizaliwa Oktoba 26, 1902 katika kijiji cha Ashwell nchini Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa hodari wa kufuga na kufunza farasi. Alikuja Afrika Mashariki mwaka wa 1904 akaanzisha shamba Njoro, na familia yake ikamfuata. Mama hakuyavumilia maisha ya nyika. Alirejea Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, akamwacha binti huyo mdogo mikononi mwa baba.

Hivyo Beryl alilelewa na shamba lenyewe. Wenzake wa kucheza walikuwa watoto wa wafanyakazi wa Kiafrika wa eneo hilo, na miongoni mwao alikuwemo Kibii, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la arap Ruta. Alijifunza kuwinda kwa mkuki na kutembea kimya msituni, na akakizungumza Kiswahili pamoja na lugha ya wenzake tangu utotoni. Akiwa mtoto, alishambuliwa na kujeruhiwa na simba aliyekuwa amefugwa.

Shule haikumkalia. Alichokijua barabara ni mabanda ya baba yake: namna ya kuupapasa mguu wa farasi ili kutambua joto la jeraha, na kumsaidia jike anayezaa usiku wa manane.

Kisha ukame uliofuatia Vita Vikuu vya Kwanza ukamfilisi baba. Clutterbuck alikuwa na kinu cha kusaga nafaka na mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa. Mvua ilipokosekana, bei ya nafaka ilipanda na mikataba ikamfunga shingoni. Farasi waliuzwa, naye akaenda kutafuta riziki nchini Peru. Beryl, ambaye tayari alikuwa ameolewa akiwa kijana mno, aliamua kubaki.

Leseni mkononi

Akiwa na umri wa takribani miaka 18 alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio, jambo ambalo halikuwa limewahi kutendeka kwa mwanamke katika koloni hili.

Uzito wa leseni hiyo huonekana ukilinganisha na Uingereza kwenyewe. Huko, klabu kuu ya mbio ilikataa kata kata kuwapa wanawake leseni kwa miongo mingi. Waliofunza farasi walilazimika kuandikisha leseni kwa jina la mfanyakazi wao wa kiume, na ushindi ukahesabiwa kuwa wake. Ukuta huo ulibomoka mwaka wa 1966 tu, baada ya Florence Nagle kuipeleka klabu mahakamani. Wakati huo Beryl alikuwa ameshika leseni kwa jina lake mwenyewe zaidi ya miaka 40 kabla.

Lakini leseni ni kamba yenye ncha mbili. Anayeikubali hujiweka chini ya mamlaka ya klabu inayoitoa, na klabu hiyo inaweza kumpokonya. Wenye farasi, walimu na majoki wote husimama mbele ya meza moja.

Meza ya wasimamizi

Nchini Kenya meza hiyo ni ya Jockey Club of Kenya. Siku ya mbio, sheria huwa mikononi mwa wasimamizi, watu wanaotazama kila mbio tangu lango la kuanzia hadi mstari wa mwisho. Hawapulizi kipenga wala hawasimamishi mchezo. Wao hungoja farasi warudi, kisha wanaita.

Si vigumu kuona kwa nini watu hao wanahitajika. Farasi wa mbio ana uzani wa karibu nusu tani na hukimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 60 kwa saa. Joki aliye mgongoni hakai juu ya tandiko bali husimama juu ya vikuku viwili vyembamba, ameinama juu ya shingo ya mnyama. Farasi akihama mstari wake na kumkata mwenzake mbele, miguu hunaswa, na aangukaye huwa na kundi zima linalomjia kwa nyuma.

Kwa hiyo sheria za mbio hutenganisha makosa kwa ngazi. Ya chini ni uzembe: joki hakukusudia kumzuia mwenzake, ila hakuchukua tahadhari ya kutosha. Labda aliona mwanya akadhani unamtosha kumbe hautoshi, au alimchapa farasi mjeledi upande mmoja akayumba, naye hakuacha kuchapa ili amnyooshe. Juu yake kuna kupanda vibaya kwa kujua, na juu kabisa ni kupanda kwa hatari, kosa ambalo kwa kawaida humfanya farasi aondolewe katika matokeo hata kama alikuwa na nguvu za kushinda.

Katika uzembe, swali kuu mbele ya wasimamizi huwa moja: je, farasi alihama mwenyewe, au aliachwa ahame? Joki anayeweza kuonyesha kwamba alivuta hatamu mara tu alipoona hatari huwa na nafasi ya kusamehewa. Anayepatikana na hatia hufungiwa kwa siku kadhaa. Na kama uzuiaji ulimpa farasi wake nafasi bora, matokeo hubadilishwa na farasi hushushwa nyuma ya yule aliyezuiwa.

Adhabu hiyo huuma. Joki hulipwa kwa kila farasi anayempanda, na hupata sehemu ya zawadi anaposhinda. Siku ambayo hapandi, hali. Mwenye farasi naye hupoteza kombe alilokwisha kuliona kwa macho, na mwalimu hupoteza kazi ya miezi mingi kwa kosa la nukta chache.

Ndiyo maana mwalimu wa farasi ni mwalimu wa watu pia. Humchagua joki kwa kupima busara yake kama anavyopima mikono yake, naye humpa maagizo kabla hajapanda: wapi pa kungoja, wapi pa kusogea, na wapi pa kumwacha farasi apumue.

Mbio za mwaka wa 1926

Hakuna mahali ambapo Beryl alilijua hilo kwa uchungu zaidi kuliko katika mbio za St Leger za Nairobi mwaka wa 1926. Mabandani mwake alikuwa na farasi dume aitwaye Wrack, aliyetarajiwa na wengi kushinda. Wiki 12 tu kabla ya mbio, mwenye farasi huyo alimwondoa akampeleka kwa mwalimu mwingine, kwa hofu kwamba msichana wa umri ule hawezi kuaminiwa na jambo kubwa kiasi hicho.

Beryl alibaki mikono mitupu. Aliyepatikana kuziba pengo alikuwa Wise Child, jike mwenye damu nzuri na moyo mkubwa, lakini mwenye mishipa ya miguu iliyokwisha kuharibika kwa kukimbizwa vibaya alipokuwa mchanga. Kumfunza kwa nguvu kungemvunja. Kumwacha apumzike kungemfikisha uwanjani akiwa mnene. Kwa majuma yale yote, Beryl na arap Ruta, ambaye alikuwa saisi wake, walitembea katika njia nyembamba kati ya hatari hizo mbili, wakimpa jike huyo kazi kwa kipimo na kuikanda miguu yake kila siku.

Mgongoni alipandishwa Sonny Bumpus. Kazi yake ilikuwa kinyume kabisa cha uzembe. Kila hatua iliyopotea kwa kuhamahama, kila msukumo wa papara mapema mno, ungelipwa na miguu ile. Umbali wa St Leger ni mrefu, na Wrack alikuwa mkubwa na mwenye nguvu. Bumpus alimtunza Wise Child, akamwomba nguvu zake pale tu zilipohitajika, na jike yule mwenye miguu mibovu akamaliza mbele ya Wrack.

Walioshuhudia waliona farasi dhaifu akimshinda mwenye nguvu. Watu wa mabandani waliona zaidi ya hapo: mwalimu aliyedharauliwa akijibu uwanjani, ndani ya sheria, bila kulalamika kwa mtu.

Angani na kurudi

Yaliyofuata ndiyo yaliyompa umaarufu duniani. Aliolewa mara ya pili na Mansfield Markham mwaka wa 1927, wakapata mtoto wa kiume, na ndoa hiyo nayo ikavunjika. Alijifunza urubani kwa Tom Campbell Black, akawa akisafirisha abiria, barua na dawa hadi sehemu za mbali za Afrika Mashariki, na kuwatafutia wawindaji makundi ya ndovu kutoka angani.

Jioni ya Septemba 4, 1936 alipaa peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akaelekea magharibi dhidi ya upepo. Baada ya zaidi ya saa 20, mafuta yalikatika kwa sababu ya barafu, na ndege yake ikaangukia pua katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alitoka na jeraha kichwani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua.

Mwaka wa 1942 kilitoka kitabu cha kumbukumbu zake, West with the Night. Baadaye kulizuka ubishi kuhusu mchango wa mumewe wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, katika uandishi wake, na ubishi huo haujaisha. Kitabu chenyewe kilisahaulika kwa miaka 40.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Beryl alirejea Kenya, na katika miaka ya 1950 akarudi kwa farasi. Huo ndio uliokuwa wakati wa mavuno yake. Farasi wake walishinda Kenya Derby mara sita, na uwanja mpya wa Ngong ukawa kama ua wa nyumba yake. Katika miaka ya 1960 ushindi wake mwingi uliletwa na joki Buster Parnell.

Hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye. Alikuwa mkali mabandani, asiyevumilia chakula cha farasi kucheleweshwa wala banda kuachwa chafu. Nidhamu hiyo hakuipeleka katika mfuko wake: pesa zilimponyoka, na madeni yalimfuata alikokwenda. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini, mambo yakamwendea mrama, akarudi Kenya akiwa hana mali.

Nyumba ya uwanjani

Jockey Club ndiyo iliyomhifadhi. Ilimpa nyumba uwanjani Ngong, naye akaendelea kufunza farasi wachache huku umri ukimlemea.

Wakati huo nje ya uzio mambo yalikuwa yamebadilika mno. Kibera, msitu ambao ekari zake 4,197 zilitangazwa mwaka wa 1918 kuwa ardhi ya kijeshi walikoishi askari wa Kinubi na familia zao, ilikuwa imegeuka makao ya maelfu kwa maelfu ya watu wanaotafuta kazi jijini. Kawangware nayo ilijaa. Uwanja, uliojengwa kwa starehe ya walowezi, ulizungukwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuwa na nauli ya ziada, sembuse farasi. Hata hivyo mchezo wenyewe ulikuwa ukibadilisha mikono, na Wakenya Waafrika ambao zamani walijulikana kama masaisi tu wakawa majoki wanaoitwa kwa majina yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majambazi walivunja nyumba ya bibi huyo wakampiga vibaya. Mwaka wa 1983 kitabu chake kilichapishwa upya nchini Marekani, kikauzwa kwa wingi, na pesa zikamfikia akiwa na zaidi ya miaka 80. Aliishi miaka mitatu mingine, kisha akafariki Nairobi baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Wanaastronomia wamelipa jina lake shimo kubwa katika sayari ya Zuhura. Lakini alama yake iliyo karibu zaidi nasi iko Barabara ya Ngong. Hapo, mbio zinapokwisha, joki hushuka, huchukua tandiko lake na kwenda kwenye mizani; na kama alimkata mwenzake njia, huitwa mezani ajieleze, awe ametoka Karen au Kawangware. Ni mbele ya meza hiyo hiyo, na kwa sheria hizo hizo, ambapo msichana wa Njoro aliomba nafasi yake, akapewa, na akaistahili.