Kosa la Mtoto ni la Nani? Maisha ya Tabibu Alfred Adler

Mtoto akiwa mkaidi, watu hugawanyika pande mbili. Wengine humlaumu mtoto peke yake, wakadhani fimbo itatosha; wengine huwalaumu wazazi tu, na mtoto wakamwondolea lawama yote. Tabibu Alfred Adler wa Vienna, mji mkuu wa Austria, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba pande zote mbili zimepungukiwa.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1870, mwana wa mfanya biashara ya nafaka. Utotoni aliugua matege, akachelewa kutembea. Mdogo wake alifariki kitandani kando yake; kisha yeye mwenyewe akashikwa na kichomi, karibu afe. Alipopona aliazimia kuwa tabibu, na mwaka 1895 akahitimu katika Chuo Kikuu cha Vienna.

Mwaka 1902 aliingia katika baraza dogo la Sigmund Freud, lakini mwaka 1911 wakaachana. Adler hakukubali kwamba mtu huendeshwa hasa na tamaa zilizofichika ndani yake. Aliona kwamba kila mmoja wetu huanza maisha akiwa dhaifu kati ya wakubwa, akajitafutia nafasi miongoni mwa wenzake. Basi haitoshi kuuliza mtu ametoka wapi. Yapasa kuuliza anakusudia nini.

Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, Adler alianzisha mjini Vienna vituo vya mashauri visivyotoza ada. Mwishoni mwa miaka ya 1920 vilikaribia 30. Mwalimu alieleza habari za mtoto, kisha akaitwa mzazi, kisha mtoto mwenyewe, mbele ya waalimu waliokuja kujifunza. Nyumba nzima ilitazamwa. Kifungua mimba aliyezoea kubembelezwa peke yake, akizaliwa mdogo wake, huenda akaanza kukojoa kitandani au kuvunja vyombo, kwa kuwa ndipo mama humgeukia. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2015 umeonyesha kwamba nafasi ya kuzaliwa haibadili sana tabia ya mtu, kinyume cha alivyodhani Adler. Hata hivyo, kuuliza mtoto anapata nini kwa ukaidi wake kungali na faida.

Lakini Adler hakuishia kwa wazazi. Ndugu wawili huweza kulelewa chini ya dari moja, wakashika njia mbili. Kwa hiyo mtu mzima hawezi kujificha siku zote nyuma ya malezi yake. Njia aliyoichagua utotoni bila kufahamu, aweza kuiacha akifahamishwa. Dalili ya kupona ni kuanza kuwajali wenzake.

Mwaka 1934 serikali ya Austria, ikiisha kuwashinda Wasosialisti, ilivifunga vituo hivyo, naye akahamia Marekani. Alifariki ghafula njiani mjini Aberdeen, Uskochi, tarehe 28 Mei 1937, akiwa na huzuni kwa ajili ya binti yake Valentine, aliyekamatwa katika Urusi ya Kisovyeti. Mwanafunzi wake Rudolf Dreikurs aliendeleza mashauri hayo Chicago.

Mzazi mwenye mtoto mkaidi ana maswali mawili ya kujiuliza: ni jambo gani nyumbani mwetu limfundishalo hivi, na ni mzigo gani ulio wake kuubeba? Akiliacha la kwanza, atakuwa mkatili. Akiliacha la pili, mwanawe hatakua kamwe.