Agnes Hunt: Muuguzi Aliyetembea kwa Magongo na Kuanzisha Uuguzi wa Mifupa

Mtoto akivunjika mguu, daktari anaweza kuunyoosha na kuufunga plasta kwa muda mfupi tu. Uangalizi unaofuata huchukua wiki nyingi, na sehemu kubwa yake iko mikononi mwa wauguzi na mikononi mwako wewe mama au mlezi. Mmoja wa watu waliolionyesha hilo waziwazi ni Agnes Hunt, muuguzi wa Uingereza ambaye mwenyewe alikuwa mlemavu tangu utotoni.

Kidonda kidogo, madhara ya maisha yote

Agnes alizaliwa London mwishoni mwa mwaka 1866 na kukulia katika mkoa wa Shropshire. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi alipata lengelenge kisiginoni. Vijidudu vikaingia kwenye damu na kushambulia nyonga yake. Wakati huo hapakuwa na dawa za antibayotiki. Alipona, lakini nyonga iliharibika na akabaki kilema.

Hata hivyo alitaka kuwa muuguzi. Mwaka 1887 alianza mafunzo katika hospitali ya watoto huko Rhyl, Wales. Baadaye alifanya kazi ya kutembelea wagonjwa majumbani, kama tufanyavyo sisi wauguzi wa jamii.

Watoto waliolala uani

Mwaka 1900, yeye na muuguzi mwenzake Emily Goodford walifungua nyumba ndogo ya kuwapumzisha wagonjwa katika kijiji cha Baschurch. Wengi waliofika walikuwa watoto wenye ulemavu, wakiwemo wenye kifua kikuu cha mifupa na viungo. Ngazi za nyumba zilikuwa kikwazo kwa watoto wasioweza kutembea. Wakajengewa mabanda uani, yenye upande mmoja ulio wazi. Watoto wakalala kwenye hewa safi na kupata jua, na afya zao zikaboreka.

Mwaka 1903 Agnes alikwenda Liverpool kumwona Robert Jones, daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa, kwa ajili ya nyonga yake mwenyewe. Hapo ulianza ushirikiano wa miaka 30. Jones akawa anakuja Baschurch kuwatibu watoto, na mwaka 1907 chumba cha upasuaji kikajengwa.

Kwa nini watoto walirudi wakiwa wabaya zaidi?

Agnes aligundua tatizo ambalo bado tunaliona leo. Mtoto alitoka wodini mguu ukiwa umenyooka. Nyumbani banzi lililegea au kuvuliwa, na hakuna aliyemfuatilia. Baada ya miezi mguu ulipinda tena.

Badala ya kuwalaumu akina mama, alipeleka huduma karibu nao. Kuanzia mwaka 1907 kliniki ndogo za ufuatiliaji zilifunguliwa katika miji ya jirani. Muuguzi aliyefunzwa mambo ya mifupa alikagua mabanzi, akarekebisha yaliyolegea na kumwelekeza mzazi namna ya kuendelea.

Vita na shule ya ufundi

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Baschurch ilipokea askari waliojeruhiwa. Jones alisisitiza matumizi ya banzi la Thomas, lililobuniwa na mjomba wake, kwa askari waliovunjika mfupa wa paja. Taarifa za kipindi kile zinaeleza kuwa vifo vya majeruhi hao vilipungua kutoka takriban 80 kati ya 100 hadi takriban 20. Banzi hilo lilihitaji mikono ya watu waliojua kulifunga na kulikagua.

Mwaka 1921 hospitali ilihamia karibu na Oswestry. Agnes alitunukiwa heshima ya Dame mwaka 1926, na mwaka uliofuata akasaidia kuanzisha chuo cha Derwen, ambapo vijana wenye ulemavu walijifunza ufundi wa kujipatia riziki. Alifariki mwaka 1948. Hospitali ya Oswestry bado inatoa huduma, na ina majina ya wote wawili, Jones na Hunt.

Leo katika nchi mbalimbali, wauguzi waliosajiliwa hurudi masomoni kujifunza zaidi uuguzi wa mifupa na majeraha: kukagua damu na hisia kwenye kiungo kilichofungwa, kuzuia vidonda vya kulala, na kumwandaa mgonjwa kurudi nyumbani.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mtoto mwenye plasta au banzi:
- Mkague vidole kila siku. Vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, vimevimba sana au vimekufa ganzi, mrudishe hospitali mara moja.
- Maumivu yakizidi badala ya kupungua, usisubiri tarehe ya kliniki.
- Usikate plasta wala kuingiza kijiti ndani ili kumkuna.
- Mtoto aliyetibiwa nyayo zilizopinda avae viatu vyake maalumu kwa muda wote alioelekezwa, hata kama mguu unaonekana umenyooka.

Mtoto mwenye kidonda:
- Kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha kifunike.
- Akipata homa, akakataa kukanyaga au kutumia mkono, au akilia anapoguswa sehemu moja ya mfupa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hukumbuki akianguka. Huenda maambukizi yamefika kwenye mfupa. Leo zipo dawa ambazo Agnes hakuzipata, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema.