Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Karema iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya mashariki. Huko alifariki, mwaka 1956, mzee Adrien Atiman, mganga na katekista.

Alizaliwa yapata mwaka 1866, katika nchi ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Angali mtoto alinyakuliwa na wanyang'anyi, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria, wakamlea, naye akabatizwa.

Siku zile Kardinali Lavigerie alikuwa amefungua chuo katika kisiwa cha Malta, mwaka 1881. Vijana waliokombolewa utumwani walijifunza humo dini na uganga. Lakini Kardinali hakutaka wageuzwe Wazungu. Aliwaandaa kwa maisha ya porini: kila mmoja ajue kazi ya kumpatia riziki, akae kati ya wenyeji, ale chakula chao, avae kama wao.

Na nchi waliyoandaliwa ilikuwa ya hatari. Homa iliwaua wageni wengi, na misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikipita. Atiman, aliyeonja utumwa, alitakiwa kwenda palepale watu walipokuwa wakiuzwa. Hakukataa. Mwaka 1888 alisafiri hata Zanzibar, kisha akatembea kwa miguu zaidi ya kilometa 1,000 toka pwani. Alifika Karema mwaka 1889.

Hapo alioa Agnes, binti wa ukoo wa watemi wa Wabende. Mwana wao Joseph alipata daraja la upadri. Atiman alifunga vidonda, akatibu homa, akafundisha sala. Tena hakudharau dawa za miti walizozijua wenyeji. Alitumika hivyo miaka 67.

Katika misitu ya kaskazini ya dunia, vijana hukata kuni na kuweka akiba ya chakula wakati wa jua, maana theluji ikiisha kuanguka hakuna nafasi tena. Ndivyo alivyofanya Atiman huko Malta. Ndiyo maana pia Kardinali huyo aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya ubatizo. Basi mkatekumeni asione miaka hiyo kuwa mirefu mno. Siku ya majaribu huja bila hodi, naye asiyeweka akiba moyoni atakuta ghala tupu.