Ibn Sina na Muuza Mboga

Vijana wetu wa Kiislamu wanaokaa Awendo, huko Migori kwenye mashamba ya miwa, wametuuliza: asiye na mwalimu wala maktaba atajifunzaje hisabu? Swali hili ni zito, kwani asiyejua kugawanya hawezi kugawa mirathi wala kutoa zaka kwa yakini. Tumeona bora tuwasimulie habari za Abu Ali Husein bin Abdillah, maarufu Ibn Sina.

Alizaliwa mwaka 370 wa Hijra (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipotimia miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani. Baba yake akataka ajue hisabu ya Kihindi, yaani hii ya tarakimu. Na hakumpeleka kwa mwanachuoni mwenye kilemba kikubwa, bali kwa muuza mboga, kwa kuwa yule ndiye aliyekuwa akiijua. Sisi leo tungeona haya! Wangapi wetu hupita kila siku mbele ya mwenye duka azidishaye na kugawanya kichwani, wala hatumwulizi kitu?

Baadaye alikuja Bukhara Abu Abdillah Natili, akawekwa nyumbani amsomeshe. Katika kitabu cha Uklidi cha handasa, mwalimu alimsomesha maumbo matano au sita ya mwanzo; yaliyosalia kijana aliyafumbua mwenyewe. Walipofika Majisti ya Batlimusi, aliachiwa asome peke yake, kisha amwonyeshe mwalimu alichokipata. Yako maumbo ambayo Natili hakuyafahamu mpaka alipofafanuliwa na mwanafunzi wake.

Usiku alisoma kwa taa. Likimtatiza jambo, alikwenda msikitini, akasali na kumwomba Mola amfungulie. Kitabu kimoja cha Aristotle, cha falsafa, alikirudia mara 40 asikielewe, mpaka aliposhikiliwa sokoni anunue kitabu cha Farabi kwa dirhamu 3. Hapo mlango ukafunguka.

Alipomtibu Amiri Nuh bin Mansur, alipewa ruhusa ya kuingia maktaba ya Wasamani, yenye vyumba vingi, na kila chumba na fani yake, vitabu vimejaa masandukuni. Alipofika miaka 18 alikuwa amezimaliza elimu zile.

Falsafa yake Imam Ghazali aliipinga, na alistahiki kupingwa. Walakini hisabu Ghazali hakuikataa.

Alifariki Hamadhan mwaka 428 (1037). Katika kitabu chake Shifaa aliweka sehemu nzima ya elimu ya hisabu na handasa, na humo akamfupishia msomaji kitabu kile kile cha Uklidi.