Al-Khwarizmi: Baba wa aljebra aliyewaandikia wafanyabiashara

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake laonyesha kuwa asili yake ni Khwarizmi, nchi ya kusini mwa Ziwa Aral ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Habari za utoto wake hazikuhifadhiwa. Kinachojulikana ni kazi aliyoifanya Baghdad, mji mkuu wa makhalifa na soko kubwa la wakati ule.

Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, aliwakusanya wanazuoni katika Nyumba ya Hekima. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wao. Aliandika juu ya nyota, jiografia ya dunia na tarakimu za Kihindi. Khalifa alimhimiza atunge pia kitabu kifupi cha hesabu kitakachowafaa watu katika mirathi, wasia, ugawaji wa mali, kesi, biashara, upimaji wa mashamba na uchimbaji wa mifereji.

Kitabu hicho ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Al-jabr ni kurudisha kilichopunguzwa. Waarabu hulitumia neno hilo pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Al-muqabala ni kukabilisha pande mbili na kuondoa kilicho sawa huku na huku. Kiswahili kina neno la asili hiyo hiyo: mkabala. Ndani ya kitabu hamna x wala alama. Yote yameandikwa kwa maneno. Namba isiyojulikana aliiita kitu, na kitu kikizidishwa kwa chenyewe akakiita mali.

Mfanyabiashara anayevusha mchele ziwani kutoka Kigoma hadi Bujumbura anaweza kuijaribu kanuni hiyo. Tuseme amenunua magunia 10, akapunguziwa faranga 100,000, akalipa 1,900,000. Bei ya gunia kabla ya punguzo ilikuwa ngapi? Rudisha 100,000 pande zote mbili: magunia 10 ni sawa na 2,000,000, basi gunia moja ni 200,000. Nauli na ushuru vikiwa 150,000, gharama yote inafika 2,050,000. Hapo swali si tena la sawa bali la zaidi: kila gunia liuzwe kwa zaidi ya 205,000, la sivyo hakuna faida.

Uzito wa kitabu uko kwenye mirathi, ambako kosa la hesabu huvunja undugu. Katika swali mojawapo, baba amefariki na kuacha wana wawili. Theluthi ya mali ameiusia mtu wa nje. Taslimu ni dirham 10, na mwana mmoja alikuwa anadaiwa na baba dirham 10 nyingine. Al-Khwarizmi alilifanya fungu la mdaiwa kuwa kitu kisichojulikana, na hesabu ikatoa 5 kwa kila mmoja. Mdaiwa akakatiwa fungu lake kwenye deni. Taslimu zikaenda 5 kwa ndugu yake na 5 kwa mtu wa nje.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145, Robert wa Chester alikitafsiri kitabu chake kwa Kilatini huko Hispania. Alama zilichelewa zaidi: ile ya sawasawa ilianza kutumiwa na Robert Recorde mwaka 1557, na zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Thomas Harriot. Jina la al-Khwarizmi, likitamkwa kwa Kilatini, likazaa neno algorithimu, yaani hatua zinazoongoza kompyuta na simu.

Leo watoto wa Bujumbura hufundishwa milinganyo hiyo kwa Kifaransa, na wengi huiona ngeni. Mzazi wa sokoni asiyejua Kifaransa bado anaweza kumsaidia mwanawe, kwa kuwa somo hilo liliandikwa kwa ajili ya watu wa kazi yake: wanaonunua, wanaogawana na wanaodaiana.