Robert Koch na Dawa Iliyoitwa Limfu

Katika nyumba nyingi, tangu Karagwe na Kyerwa hata pwani, mtoto akivimba tezi shingoni au akiota vidonda visivyopona, shauri la kwanza hutolewa na jirani: damu yake imechafuka, anywe kitu cha kumsafisha. Siku hizi wako pia wauzao chupa na vidonge vya kusafisha limfu, yaani yale maji ya mwili yapitayo katika mishipa myembamba hata kufika penye tezi. Wakati wa kunywa, ngozi ikiwasha na kutoa vipele zaidi, mgonjwa huambiwa afurahi, maana uchafu unatoka. Yafaa basi tukumbuke maisha ya mganga mkubwa wa Ujerumani, ambaye dawa yake nayo iliitwa limfu.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843, huko Clausthal, mji wa wachimba madini. Alijifunza uganga Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alifanya uchunguzi wake kwa hadubini nyumbani, baada ya kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 1876 akathibitisha kwamba kimeta, maradhi ya ng'ombe na kondoo yawapatayo hata watu, huletwa na kijidudu. Tarehe 24 Machi, 1882, mjini Berlin, akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Wala hakutaka asadikiwe kwa neno lake tu. Sharti kijidudu kionekane kwa mgonjwa, kikuzwe peke yake, kitiwe katika mnyama mzima, nacho kimletee ugonjwa ule ule.

Kutokana na kazi hiyo watu walipata kujua kwamba kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kukaa katika tezi za shingo, zikavimba pole pole bila maumivu makali, mwisho zikapasuka na kutoa usaha. Huweza pia kula ngozi ya uso miaka mingi.

Mwezi wa Agosti, 1890, mbele ya mkutano wa waganga wa mataifa mjini Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu cha kukishinda kijidudu hicho. Mwezi wa Novemba sindano zikaanza kutolewa. Watu waliiita dawa hiyo limfu ya Koch, kwa kuwa zamani zile limfu lilikuwa pia jina la maji ya chanjo ya ndui. Lakini ilitengenezwa kwa nini? Mwenyewe hakusema. Hata hivyo wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi, kwani jina lake lilitosha.

Waliotia watu moyo kuliko wote ni wale wenye kifua kikuu cha ngozi. Baada ya sindano walipatwa na homa kali, na pale penye ugonjwa ngozi ikawa nyekundu, ikavimba, ikafanya magamba. Magamba yalipoanguka, penye kidonda palionekana pazuri kuliko kwanza. Watu wakaona kwa macho yao, wakasadiki. Kumbe kwa wengi ugonjwa ulirudi baadaye. Tena mwezi wa Januari, 1891, mganga Rudolf Virchow alieleza aliyoyakuta katika maiti za waliodungwa: ndani ya mwili dalili mpya za kifua kikuu zilikuwa zimetokea. Mwezi huo huo Koch akafichua siri ya dawa yake: ilikuwa utomvu wa vijidudu vile vile katika gliserini.

Mtu huyu alidai ushahidi wa kila namna alipokitafuta kijidudu, asidai ushahidi wa kadiri ile kwa dawa yake mwenyewe. Ngozi iliyowaka ilikuwa ishara ya kweli, ila haikuwa ishara ya kupona. Ilionyesha tu kwamba mwili ulikuwa umekwisha kukutana na kijidudu. Clemens von Pirquet alilifahamu jambo hilo, na mwaka 1907 akaitumia dawa ile kwa kupima tu. Hata leo kipimo cha namna hiyo hufanywa juu ya ngozi ya mkono. Kilichoshindwa kuwa dawa kikawa kipimo chema.

Kazi ya Koch iligusa pia nchi ya Kiziba, upande wa mashariki ya Karagwe. Mwaka 1898 alithibitisha kwamba ugonjwa wa mitoki ulioitwa huko rubwunga ulikuwa tauni. Wenyeji nao walikwisha kujua kwamba panya wakifa, yapasa kuhama nyumba. Baada ya kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikaa katika visiwa vya Sese, Uganda, miaka ya 1906 na 1907, akitibu ugonjwa wa malale. Tezi za shingo zilichomwa sindano, na maji yake yakatazamwa kwa hadubini ili kijidudu kionekane. Hapo kipimo kilitangulia. Lakini dawa yake, Atoxyl, ilikuwa na sumu ya zarniki. Wengi walipata nafuu ya muda, na baadhi ya waliopewa kiasi kikubwa walipofuka. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei, 1910.

Wazazi wapenzi, maisha haya yatufundishe kuuliza. Ikiwa jina la mtu mkubwa kama Koch halikutosha kuwa ushahidi wa dawa, sembuse jina lililoandikwa juu ya chupa? Tezi ikivimba majuma kadhaa, au kidonda kikikataa kupona, tusianze kwa kumsafisha mtoto. Kwanza tujue ugonjwa wake ni upi. Kifua kikuu cha tezi huponywa leo kwa dawa za miezi kadhaa, nazo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Naye akuambiaye kwamba vipele vipya ni dalili ya kupona, mwulize amejuaje.